Mkono wa Thelathini na Moja

Watu wa bonde hili wakiona waya, akili zao hufunga safari. Nasema hivyo bila haya, maana miaka tisa nimekaa nyuma ya meza ya Kituo cha Mafaili nikiwatazama. Mmoja huchomoa kiganja chake katikati ya kuhamisha kwa sababu shemeji kampigia simu. Mwingine hukileta kimejaa unga wa muhogo. Mwanamke mmoja alikifua. Alikifua, jamani, kwa sabuni ya mche, akakianika kambani pamoja na shuka, kisha akaja kuniuliza mbona mkono wa kushona umepotea. Nikamwambia umepotea kwa sababu ameusuuza.

Kiganja chenyewe si kitu cha kumtoa mtu jasho. Ni kibamba chembamba kinachofungwa kwa mkanda katikati ya kitanga, na mafaili yaliyomo tunayaita mikono. Fundi cherehani akishona amekivaa, kiganja kinaandika kila mshipa wa mikono yake yote miwili unavyovuta na kulegea. Mpe mtu mwingine faili hilo, vidole vyake vitashona kama vya yule fundi. Lakini kila mtu ana mkono wake, mfupi au mnene, au wenye kidole kilichowahi kuvunjika, kwa hiyo faili haliruki kutoka kiganja hadi kiganja. Lazima lipite kwenye kompyuta ya kituo, lipimwe upya, ndipo liingie kwa mwingine. Na lazima kwa waya, tangu ule mwaka wezi waliponasa mikono hewani na mabenki matatu yakafunguliwa kwa mikono ya mameneja wao wenyewe.

Hapo katikati, kati ya kompyuta na kiganja, ndipo nilipokaa mimi, Salha Kihiyo, fundi wa mafaili, mwenye kadi ya Mamlaka ya Ujuzi shingoni na subira kidogo kama chumvi ya mgonjwa wa presha.

Asubuhi hiyo mvua za masika zilikuwa zimekolea. Daraja la kwenda hospitali ya wilaya lilikuwa limesombwa tangu Jumamosi, na Mzee Singano alikuwa wa kwanza kufika, kama alivyofika kila Jumatatu kwa mwezi mzima, kofia mkononi, na swali lile lile.

"Shikamoo," nilimwambia bila kuinua macho.

"Marahaba, fundi. Nimekuja kuulizia ule mkono wa mama."

"Mama" alikuwa marehemu mkewe, Bi Hidaya, msukaji wa mikeka. Kabla hajafariki alirekodi mkono wake, nami mwenyewe niliupima upya ukakaa vizuri katika mkono wa mumewe. Tangu hapo mzee alikuwa akikaa barazani kila asubuhi akisuka kwa vidole vya mkewe. Mwezi uliopita alileta kiganja kwa ajili ya mlinganisho, kikatoka na mkono wa Mamlaka, ule wa mkeka wa kawaida, mkeka ambao hata mbuzi angeukataa.

"Mzee, nikwambie mara ngapi? Ulichomoa waya."

"Sikuugusa waya, fundi."

"Basi hukuutumia mkono ule siku nyingi. Mashine inalinganisha mafaili mawili, lililo jipya linabaki, la zamani linafutwa. Ndiyo maana ya mlinganisho."

"Lakini kiganja si kinauandika mkono upya kila ninapoutumia? Wewe ndiye uliyenifundisha. Nami nilisuka asubuhi ile ile, kabla ya kuja."

"Mashine inajua, mzee. Mashine haina sababu ya kukudanganya wewe."

Aliizungusha kofia yake mara mbili, akaniomba radhi kwa kunisumbua, akatoka kwenye mvua. Nikabonyeza kwenye ripoti ya mashine: kosa la mtumiaji. Nilikuwa nimekibonyeza kibonye hicho mara nyingi mno, hata rangi yake ilikuwa imefutika. Cha pili, kosa la fundi, kilikuwa king'aavu kama siku kilipotoka kiwandani.

Saa mbili kamili akatokea kwenye kioo Injinia Faustini Rwekaza. Ikiwa watu wa bonde niliwadharau, huyu nilimdharau zaidi, maana wao angalau walikuwa na matope miguuni ya kujitetea. Rwekaza alikaa makao makuu, hajawahi kuvaa kiganja maishani, na kucha zake zilikuwa safi kuliko sahani zangu. Ndiye aliyetuletea programu ya Mlinganisho mwezi uliopita. Ndiye aliyeondoa lile swali la zamani, "una uhakika?", eti mafundi walikuwa wanapoteza sekunde nne kulijibu.

"Salha, mafaili mapya ya wakunga yameingia sasa hivi kwenye kompyuta zote. Kila kiganja cha mkunga kitakachopita hapo leo kilinganishwe. Hasa Mkono wa thelathini na moja."

"Wa mtoto aliyetanguliza makalio?"

"Tumeuboresha. Mkunga akipapasa akakuta mtoto amekaa vibaya, mkono unafunguka, unaacha, na mama anapelekwa hospitali. Hakuna kujaribu kugeuza tena, ni hatari."

"Daraja limesombwa, injinia."

"Hilo ni la watu wa barabara," alisema, akapotea kwenye kioo.

*

Kufika saa nne benchi langu lilikuwa limekaliwa nusu nzima na tumbo. Mwenye tumbo aliitwa Shamimu, wa nyumba za chini karibu na mto, mimba ya miezi tisa. Pembeni yake alikaa Zubeda Hoza, nesi wa zahanati yetu, msichana mwembamba mwenye tabia ya kuuma kucha.

"Hapa si wodi," niliwaambia.

"Tunamsubiri bibi yake, Bi Mwantumu," Zubeda akajibu. "Yule mkunga wa juu mlimani. Mtoto wa Shamimu kakaa makalio chini, na siku zimeshafika. Bi Mwantumu anatuletea mkono wa kumgeuza. Wewe utaupima uingie kwenye kiganja changu, nami nimgeuze leo leo."

"Mnazaa kila mwaka, lakini mnakumbuka kujiandaa siku ya mwisho," nilisema. Shamimu alitazama chini. Nilipata raha kidogo, siwezi kukana.

Bi Mwantumu aliingia saa saba mchana, ameshuka kwenye pikipiki, matope hadi magotini. Mikono aliificha ndani ya kanga, na kanga yenyewe ilikuwa inacheza. Alipoitoa mikono nikaona kwa nini. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, tangu viwiko, bila kupumzika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Akanipima kwa macho toka juu hadi chini, na nadhani hakupenda alichokiona. "Haya nisikilize, mwanangu. Huu ugonjwa wa kutetemeka nina kidonge chake. Nikimeza, mikono inatulia kwa saa tatu tu, kisha inarudi hivi. Cha mwisho nimekimeza leo saa moja asubuhi. Vingine viko hospitali, ng'ambo ya daraja."

"Sasa mbona usimgeuzie mjukuu wako mtoto wewe mwenyewe, badala ya kuja kunipa kazi?"

"Kutoka kwangu hadi hapa ni mwendo wa saa tatu kwa njia ilivyo. Ningefika na mikono hii unayoiona. Kidonge kilikuwa kimoja, na kule kwangu kulikuwa na mama mwingine, mtoto wake naye kakaa vibaya. Nikamgeuza huyo nikiwa nimevaa kiganja, toka saa mbili mpaka saa nne, taratibu, ili kila kitu kiandikwe. Katulia kichwa chini, safi kabisa." Akaweka kiganja chake mezani kama mtu anayeweka yai. "Mkono huu ndio uliopo. Mwingine sitaweza kuutoa tena."

Nikavuta waya.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kabla hujachomeka, huwezi kuunakili pembeni? Ukawa na wa akiba?"

Ningeweza. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba nisingeweza. Palikuwa na njia ya kunakili kabla ya mlinganisho, ilichukua dakika sita, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu watatu. Lakini foleni haikunizuia. Kilichonizuia ni kwamba kikongwe wa mlimani alikuwa ananifundisha kazi.

"Bibi, wewe unajua watoto, mimi najua mafaili. Faili la Mamlaka limeingia leo saa mbili. La kwako limeandikwa leo saa nne. Lipi jipya? Hata mtoto wa chekechea anaweza hesabu hiyo. Mashine italichukua la kwako, itafuta la kwao, kwisha kazi. Weka kidole hapa utoe idhini."

Kidole chake hakikutulia. Kilipiga kile kioo mara tatu, nne, ndipo mashine ikakubali. Nikasonya. Nikachomeka.

Kwenye kioo huwa unatokea mshale. Ukitoka kulia kwenda kushoto, kiganja kinaipa kompyuta. Ukitoka kushoto kwenda kulia, kompyuta inakipa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshageuka kumwambia mtu wa nyuma asimwage maji sakafuni. Sekunde ishirini baadaye kengele ililia, imekamilika, nikachukua waya wa pili nikamchomekea Zubeda na kiganja chake kikapata kilichomo kwenye kompyuta.

"Jaribu kidogo tuone," nikamwambia. "Kisha mniachie benchi langu."

Zubeda alifunga kiganja, Shamimu akajilaza pale pale kwenye benchi, na mkono wa nesi ukashuka juu ya tumbo. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia, ukafika chini pale kichwa kilipopaswa kuwa. Halafu ukafunguka. Vidole vyote vitano vilinyooka na mkono ukanyanyuka hewani wenyewe, na sauti laini ya makao makuu ikasema, "Mpeleke mama hospitali."

"Hospitali ipi?" Shamimu akauliza ile sauti, kama vile ingemjibu.

*

Bi Mwantumu alielewa kabla yangu. Alikaa chini taratibu, akaitazama ile mikono yake kama mtu anayemtazama mtoto mtukutu mbele ya wageni.

"Ni mimi," akasema. "Nilibonyeza vibaya. Si uliona kidole kilivyopiga piga? Nimeufuta mwenyewe. Nisamehe, fundi. Shamimu, nisamehe, mjukuu wangu."

Nilikuwa nafungua kumbukumbu za mashine, na moyoni nilishaandaa maneno ya kumwambia. Nikasoma. Mkono 31, kompyuta: leo, 08:00. Mkono 31, kiganja: leo, 04:00.

Nikacheka. Walahi nilicheka. "Haya, tazameni wenyewe! Kompyuta inahesabu toka usiku wa manane, saa nne ya asubuhi kwake ni kumi. Kuna mtu kakiwekea kiganja hiki saa za mtaani. Kwa hiyo faili limeonekana limeandikwa alfajiri, kabla ya lile la Mamlaka, mashine ikalifuta. Mjinga gani anaiambia mashine saa nne ni nne? Nani aliyekigusa hiki?"

Nikakigeuza kiganja polepole, kikiwa bado kwenye waya wake, nimwoneshe mjinga wake. Nyuma palikuwa na kibandiko. *Betri mpya. Saa imewekwa. S.K.*

Mwandiko ule nilikuwa naujua. Ile K yenye mkia mrefu nimeiandika tangu darasa la pili.

Miezi miwili nyuma Mamlaka ilileta betri mpya za viganja arobaini, nikazibadilisha zote kwa siku moja huku nikilaani. Betri ikitoka, saa inapotea. Nilikuwa nimeinama mezani, nikapaza sauti dirishani kwa mama anayefagia uwanja, "Mama Kaniki, saa ngapi?" Naye akajibu, "Saa tatu na nusu!" Nikaandika tatu na nusu. Kiganja cha pili, nikauliza tena, nikaandika nilichojibiwa. Mpaka cha arobaini. Miaka tisa nawacheka watu wasioijua mashine, nami nilikuwa nimeiwekea saa ninayoiongea na mama mfagiaji.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na jambo la aibu zaidi ni kwamba, katika chumba kile, hakuna aliyejua. Zubeda alikuwa anamfuta Shamimu machozi. Bi Mwantumu alikuwa bado anaomba radhi.

Kioo kikawaka. Rwekaza. Mashine ikifuta faili la mkunga huwa inamwambia yeye kwanza.

"Salha, naona kuna faili la kienyeji limefutwa hapo. Vizuri tu. Andika kosa la mtumiaji, tuendelee."

"Liko kwenye kapu bado," nilisema. Kilichofutwa hutumbukia humo, kinakaa mpaka waya uchomolewe.

"Ndiyo, na unajua utaratibu. Kosa la mtumiaji, kapu linamwagwa papo hapo, ili wajifunze. Kosa la fundi, kapu linafunguliwa na kadi ya fundi inafungwa siku hiyo hiyo." Akatabasamu na meno yake ya ofisini. "Sidhani unataka kufungiwa kadi kwa ajili ya mkono wa bibi anayetetemeka. Kituo chako hakijawahi kuripoti kosa la fundi tangu kifunguliwe. Mnapendeza sana kwenye takwimu."

Niliziba sauti yake, nikakaa.

Semeni mtakavyo, niliogopa. Sikuogopa njaa. Niliogopa lile benchi. Kadi ikifungwa haifunguki, na siku nikitaka mkono wowote, hata wa kukaangia maandazi, itabidi nikae pale na tumbo langu na matope yangu, nimwambie fundi mwingine shikamoo, anijibu bila kuinua macho. Nilimjua fundi huyo. Nilimjua vizuri sana, na nilimchukia.

Upande wa pili kulikuwa na mtoto aliyekaa makalio chini, na mvua, na daraja lisilokuwepo.

"Bi Mwantumu," nikasema, "acha kuomba radhi."

"Si nimeharibu?"

"Hukuharibu. Saa ya kiganja chako niliiweka mimi, na niliiweka vibaya. Na uliponiambia ninakili kwanza, nilikataa kwa kiburi tu. Kidole chako hakina kosa lolote."

Zubeda akaacha kuuma kucha. Nilisubiri huruma, nadhani, maana mtu akikiri huwa anatarajia walau kipande.

"Lo!" alisema Bi Mwantumu. "Na domo lote lile?" Kisha akavuta kiti. "Haya, kama unajua kutengeneza, tengeneza. Mjukuu wangu hawezi kulala kwenye ubao siku nzima."

Nikabonyeza kile kibonye king'aavu. Kilikuwa kigumu, ilibidi nikibonyeze kwa kidole gumba.

*

Kufungua kapu si kazi ya sekunde ishirini. Mashine huokota faili punje kwa punje, na waya ukicheza hata kidogo, zoezi zima linamwagika na hakuna mara ya pili. Tundu la kiganja cha Bi Mwantumu lilikuwa limelegea kwa umri. Kwa hiyo nililishika. Niliukaza waya kwa mikono miwili, viwiko mezani, mgongo umepinda, saa moja, saa moja na nusu. Jasho liliniingia jichoni sikulifuta. Watu wa foleni walichungulia. Yule mwanamke aliyefua kiganja alikuwemo, naye alinitazama kwa makini sana.

"Usitetemeke, fundi," Bi Mwantumu alisema kutoka kwenye kiti chake, na hakuwa anatania.

Rwekaza alirudi mara moja. "Umefanya upuuzi wa mwaka. Kadi yako inafungwa saa kumi na nane kamili."

"Kwetu hiyo ni saa kumi na mbili jioni," nikamwambia. "Jifunze na wewe, injinia, inasaidia."

Saa kumi mshale ukatokea, na mara hii niliutazama. Ulitoka kulia kwenda kushoto, kiganja kikaipa kompyuta. Nikanakili pembeni, nikanakili tena mahali pa pili, ndipo nikaupima kwa mkono wa Zubeda na kuupeleka kwenye kiganja chake. Nikatoa watu wote nje nikafunga mlango.

Shamimu alijilaza. Aliniomba nimpe mkono ashike, nami sikuwa na sababu yoyote ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Zubeda akaweka vitanga vyake juu ya tumbo. Niliona mabega ya msichana yakishuka, na uoga wake wote ukamtoka mikononi ukabaki usoni tu. Mikono ile haikuwa yake tena. Ilikuwa mizito, mipole, haina haraka hata chembe. Mmoja ulisukuma kutoka chini, mwingine ukabembeleza kutoka juu, ikasimama kusubiri, ikaendelea.

"Hapo, mwache apumue," Bi Mwantumu alinong'ona, na wakati huo huo mikono ya Zubeda ilikuwa imeshasimama.

Shamimu alinibana vidole mpaka nikauma midomo. Tumbo likavimba upande mmoja, likapinda, likawa na umbo ambalo sijawahi kuliona kwenye tumbo la mtu. Halafu kitu kikubwa kikapita chini ya ngozi, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, na tumbo likarudi kuwa duara.

"Kichwa kiko chini," Zubeda akasema. Akaanza kulia. "Kiko chini, bibi, nakishika hiki hapa!"

Bi Mwantumu aliikunja kanga yake juu ya ile mikono inayocheza. Alipopita mezani kwangu aliweka kiganja chake mbele yangu bila kusema asante, na sikustahili.

"Rekebisha saa," alisema tu.

Nilichungulia dirishani. "Mama Kaniki, saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika kumi!"

Nikaandika 17:10. Nikaisoma mara mbili.

*

Walipoondoka zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano za kadi yangu. Ningeweza kuzitumia kufagia. Badala yake nikafungua kumbukumbu zote za Mlinganisho tangu mwezi uliopita, nikatafuta viganja vyangu arobaini. Ukiacha cha leo, kumi na moja vilikuwa vimepita mezani kwangu na faili la asubuhi lililoonekana la alfajiri. Mafaili kumi na moja yalifutwa. Mkono wa fundi viatu, mkono wa mama wa kusuka nywele, mkono wa mwalimu aliyekuwa akichora ramani ubaoni kwa chaki. Katika kila kimoja niliandika kosa la mtumiaji, na nakumbuka karibu kila neno nililowaambia.

Wa nane ulikuwa huu: Mkono 112, kusuka mikeka, umerekodiwa na Hidaya Singano. Kompyuta, 08:00. Kiganja, 03:15. Saa tatu na robo ya asubuhi. Alikuwa amesuka kweli asubuhi ile, kabla ya kuja, kama alivyonieleza kila Jumatatu. Kapu lilimwagwa pale pale, kwa kidole changu. Hakuna nakala. Niliangalia mara tatu na hakuna.

Niliyabadilisha yote kumi na moja kuwa kosa la fundi, nikaandika majina kwenye karatasi kwa mkono, na saa kumi na mbili kadi ikazimika shingoni mwangu. Nikaivua nikaiacha mezani.

Mvua ilikuwa imepungua. Nyumba ya Mzee Singano ni ya tatu baada ya kisima, na nilifika nikiwa na matope hadi magotini, nimepoteza ndara moja njiani. Barazani palikuwa na mkeka uliosukwa nusu. Nusu ya kwanza ilikuwa imebana, na ukindu mwekundu ukipita katikati kwa mstari ulionyooka. Nusu ya pili ilikuwa ile ya Mamlaka, halafu alikuwa amechoka nayo akaiacha.

Nikabisha hodi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nami nilikuwa bado nayarudia komeo lilipovutwa.

Alitoa kichwa, akanitambua, na kabla sijafungua mdomo mkono wake ukaenda kichwani kuivua kofia.

"Fundi?" akasema. "Nimekosea nini tena?"